Kabla Hujalaumu Sikio, Tazama Daraja

Kijana alifika kibandani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, Jumanne jioni, gita amelifunga kwa kanga na kulibeba mgongoni kama mtoto. Ni mpiga solo wa kwaya moja ya huko Gungu. Alisalimia, akakaa kwenye benchi, akanyamaza muda mrefu kuliko kawaida ya mteja. Kisha akasema, "Fundi, sikuja kutengenezewa. Nimekuja kukuuzia. Mwalimu amesema nimpishe mwenzangu kwenye solo, mimi nirudi kuimba sauti ya tatu. Anasema sina sikio."

Neno hilo huwa linaniuma. Nimelisikia likitamkwa juu ya watoto wa miaka kumi na tano na juu ya wazee waliopiga dansi tangu enzi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Ni hukumu nyepesi kutoa, lakini aliyehukumiwa anaondoka nayo na wengine hawagusi tena gita. Na mara nyingi mno, ukilifungua hilo gita, unakuta mwenye kosa ni kipande cha chuma kilichofungwa tumboni mwake ambacho hakuna aliyewahi kukiinamia na kukitazama: daraja, ambalo nyuzi zinalikalia.

Nilimwomba anipe gita kwanza, habari ya kuuza tuiongee baadaye. Nikafungua programu ya kutyuni kwenye simu, nikazitega nyuzi zote sita zikiwa wazi mpaka sindano ikasimama katikati kwa kila uzi. Halafu nikakandamiza uzi wa tatu, yaani G, kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gita). Pale sauti inatakiwa iwe ileile, imepanda oktava moja tu. Sindano ikaruka kulia, senti 18. Uzi wa nne, senti 12. Uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, senti 15.

Senti hizi si za pesa. Kutoka freti moja hadi inayofuata kuna senti 100, kwa hiyo 18 ni karibu sehemu moja ya tano ya hatua nzima. Mtu anayepiga kodi za chini tu, kule karibu na kichwa cha gita, anaweza kuishi na kosa hilo miaka mingi bila kulijua. Sisi wa upande huu wa ziwa hatuwezi. Muziki tuliolelewa nao, uliovuka maji kutoka Kongo kwa redio na kwa boti, unapanda juu. Sebene ikishawaka, ridhimu anabaki chini, mi-solo anakaa katikati, solo anapanda freti ya 10, ya 12, ya 15, na kila mmoja anajibu wenzake. Gita lililopanda senti 18 huko juu litagombana na wenzake wote, na lawama itamwangukia kijana. Wakati yeye anakandamiza pale hasa panapotakiwa.

Nikamwonyesha simu. Aliitazama, akalitazama gita, akauliza, "Kwa hiyo si mimi?"

Si yeye. Sasa nieleze kwa nini, maana jambo hili wengi wanaotumia gita kila Jumapili hawajawahi kuelezwa.

Freti ya 12 imewekwa katikati kabisa ya safari ya uzi, kati ya nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kule kichwani, na daraja. Magita ya mtindo wa Stratocaster, gita la umeme la kampuni ya Fender ya Marekani, yana safari ya milimita 648, hivyo nusu yake ni 324. Kama uzi ungekuwa mstari wa kuchora, hesabu ingeishia hapo. Lakini uzi ni chuma. Ukiukandamiza unaunyoosha, na ukiunyoosha unakaza, na ukikaza unapanda. Uzi ulio juu sana ya freti unanyooka zaidi kabla ya kugusa, kwa hiyo unapanda zaidi. Uzi mnene ni mgumu zaidi kupinda kuliko mwembamba, nao unapanda kwa namna yake. Ndiyo maana daraja haliwezi kuwa mstari mmoja ulionyooka. Kila uzi unahitaji kurefushwa kidogo kupita ile 648, kila mmoja kwa kiasi chake.

Vile vipande vidogo sita ambavyo nyuzi zinakalia kwenye daraja, mzee aliyenifundisha kazi aliviita vigoda, nami sijapata jina zuri zaidi. Gita la Telecaster la mwanzo, la Fender haohao, lilikuwa na vigoda vitatu tu, nyuzi mbili zikigawana kimoja. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 kila uzi ukapewa kigoda chake, chenye skrubu ya kukisogeza mbele na nyuma na vijiskrubu viwili vya kukiinua na kukishusha. Mwaka huohuo kampuni ya Gibson nao walikuwa wanatoa daraja lao lenye vigoda sita, lile linalosimama juu ya nguzo mbili. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 70 dawa ya ugonjwa huu imekuwa ikiuzwa pamoja na gita lenyewe. Kinachokosekana ni mtu wa kuzungusha skrubu.

Lakini usikimbilie skrubu. Hapa ndipo mafundi wengi, na mimi miaka ya mwanzo nikiwemo, tunaharibu. Gita la yule kijana lingeweza kulazimishwa kwa kurudisha vigoda nyuma mpaka mwisho, na bado lingebaki gonjwa, kwa sababu lile kosa la senti 18 lilikuwa na mama yake.

Niligeuza gita, nikafungua kifuniko cha plastiki cha nyuma. Ndani kulikuwa na springi mbili, kwenye nafasi ya springi tano. Daraja la aina hii halijafungwa likakazwa. Limeegemea skrubu sita upande wa mbele kama mlango kwenye bawaba. Mbele nyuzi zinalivuta, nyuma springi zinalivuta, nalo linasimama pale nguvu mbili zinapolingana. Seti ya nyuzi za namba 9, namba hiyo ikiwa ya unene, inavuta kama kilo 38. Seti ya 10 inavuta kama 46. Kijana alikuwa amefunga seti ya 11, kwa sababu ndiyo aliyoikuta sokoni, na hiyo inapita kilo 50, yaani mfuko wa saruji na ziada. Springi mbili zilizochoka zishindane na mfuko wa saruji?

Daraja lilikuwa limeinama kifudifudi, mkia wake umenyanyuka kutoka kwenye mbao. Lilipoinama, vigoda vyote vikasogea mbele, nyuzi zikafupika. Lilipoinama, vigoda vyote vikapanda, nyuzi zikawa juu. Nilipima pale freti ya 12 nikapata milimita 4. Kila alipokandamiza alikuwa anavuta uzi kama mtu anayefunga upinde. Kufupika kunapandisha sauti, na kunyoosha kunapandisha tena. Hiyo ndiyo senti 18.

Nilimuuliza, "Mkono wa kutikisia sauti uko wapi?"

"Sijawahi kuuona, fundi. Nililinunua hivyohivyo."

Basi nitoe ushauri ambao najua baadhi ya wapigaji hawataupenda. Kama hutumii ule mkono, laza daraja. Ongeza springi ziwe nne au tano, kaza zile skrubu mbili ndefu zinazoshika kibamba cha springi kule nyuma mpaka daraja likae bapa juu ya mbao, na ukitaka uhakika kamili chonga kipande cha mbao ukiingize kati ya tofali la daraja, kile kipande kinene cha chuma kinachoshuka ndani ya gita, na ukuta wa tundu lake. Mimi hutumia mninga, maana hauvimbi ovyo mvua zikianza. Daraja linaloelea lina ladha yake, silikatai, lakini fikiria ibada ya Jumapili uzi wa kwanza ukikatika katikati ya wimbo. Kwenye daraja linaloelea, nguvu ya mbele imepungua ghafla, springi zinavuta, na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda kwa pamoja. Huna gita tena. Kwenye daraja lililolala, umepoteza uzi mmoja na unaendelea na tano zilizo sawa. Ukikumbuka seti mpya ya nyuzi huku inapatikana kwa bahati na kwa bei gani, hili si jambo dogo.

Tulilaza. Springi mbili za ziada nilitoa kwenye kopo langu, zimetoka kwenye magita yaliyokufa. (Usitupe gita lililokufa. Ling'oe kila kitu.) Nikavua zile namba 11, nikamfungia 10 mpya. Ni lazima nyuzi ziwe mpya kabla ya kupima. Najua tunachemsha nyuzi kuukuu kwenye sufuria ili zing'ae tena, na kweli zinang'aa, lakini uzi uliokwisha kulika na freti na kutu hauna uzito sawa urefu wake wote, na ukiupima kwenye freti ya 12 utakupa jibu la uongo. Utaharibu nafasi ya kigoda kwa ajili ya uzi utakaoutupa mwezi ujao.

Halafu shingo. Kandamiza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha angalia pengo kati ya uzi na freti ya 8. Linatakiwa kama robo ya milimita, unene wa karatasi mbili tatu za daftari. Yake ilikuwa imejipinda kwa mvuto wa zile 11, nikakaza chuma cha ndani ya shingo robo ya mzunguko, nikaacha kidogo, nikapima tena. Robo tu kwa mara moja. Ukihisi kimekataa, acha.

Kisha urefu wa nyuzi. Fender wenyewe hupima kwenye freti ya 17 na kutaka milimita 1.6. Kwa vijana wa kwaya wanaopiga kwa nguvu, sauti zikiwa zinashindana na ngoma na waimbaji thelathini, mimi naacha milimita 2 kwenye freti ya 12 na zaidi kidogo kwa nyuzi nene. Hapo kuna mtego wa kifunguo. Vijiskrubu vya vigoda vinafunguliwa kwa kifunguo cha pembe sita chenye umbo la L, na magita mengi ya Asia yanataka cha milimita 1.5, wakati ya Marekani yanataka cha inchi, sawa na milimita 1.27. Ukiingiza kidogo kwenye tundu kubwa kitashika mara mbili, mara ya tatu kitazunguka na kula kuta za tundu. Viwili vya kijana vilikuwa vimeshaliwa hivyo, ikabidi nivitoe kwa plaizi kutoka chini.

Baada ya hayo yote, bila kusogeza kigoda hata kimoja, nilipima tena. Uzi wa tatu ulikuwa umeshuka kutoka senti 18 hadi 7.

Hapo ndipo zamu ya vigoda. Fundisho ni moja: imepanda, rudi, imeshuka, sogea. Yaani kama freti ya 12 inalia juu kuliko sauti ya wazi, rudisha kigoda nyuma, mbali na shingo, uzi urefuke. Kama inalia chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kwanza kabla ya kuzungusha, usikiburute kigoda chini ya mzigo. Kwenye gita la milimita 648, kila milimita moja ya kigoda inabadilisha freti ya 12 kwa karibu senti 2.7. Hesabu hiyo nilijifanyia mwenyewe usiku mmoja umeme ukiwa umekatika, na imeniokolea muda mwingi wa kubahatisha. Senti 7 ni milimita 2 na nusu hivi. Skrubu ya kipimo cha M3 inakwenda nusu milimita kwa mzunguko, basi ni mizunguko mitano. Nilihesabu mitano, nikatega upya, nikapima. Sindano katikati.

Kigoda cha uzi wa sita wakati mwingine kinagoma kurudi kwa sababu springi yake ndogo imeshabanwa mpaka mwisho. Itoe, ikate pingili mbili tatu, irudishe. Uzi wenyewe utakishika.

Ukimaliza, macho yako yataona ngazi mbili: vigoda vya nyuzi tatu nene, kuanzia uzi wa sita, vinasogea mbele hatua kwa hatua, halafu cha uzi wa tatu kinaruka nyuma, na ngazi ya pili inaanza. Ukikuta gita ambalo vigoda vyote sita viko mstari mmoja, hujahitaji simu kujua kuwa halijawahi kupimwa.

Madaraja ya nguzo mbili sitakaa nayo sana. Kanuni ni zileile. Angalia tu kama nguzo zimeegemea mbele, na kama daraja limebonyea katikati, maana yale ya bei nafuu ni ya zinki na yanapinda taratibu. Lililobonyea halinyooshwi, linabadilishwa.

Kubadilisha, sasa, ndiko kuna machozi.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa Ujiji aliniletea gita lake, daraja limeliwa na kutu kiasi kwamba vigoda vitatu vilikuwa vimegandana. Nikapiga simu duka moja Dar es Salaam, nikaeleza aina ya gita, nikajibiwa, "Hiyo inaingia zote." Nikatuma pesa, mzigo ukaja kwa basi. Matundu ya gita la mzee, kutoka katikati ya skrubu ya kwanza hadi katikati ya skrubu ya sita, yalikuwa milimita 56 na kitu. Daraja jipya lilikuwa 52.5. Tofauti ni milimita mbili kila upande, na hiyo ndiyo tofauti mbaya kuliko zote. Ingekuwa kubwa ningetoboa mbao mpya nzima. Kwa milimita mbili, keekee inateleza na kuangukia tundu la zamani. Nami nilikuwa na haraka, mzee ana harusi Jumamosi. Nikatoboa. Keekee ikateleza kwenye tundu la kwanza na la sita, mbao ikapasuka kati yake. Mzee hakupiga harusi ile. Nilimlipa pesa aliyoikosa, na nililala na gita hilo wiki nzima mpaka nikalirudisha. Rula nilikuwa nayo mezani siku naagiza.

Kwa hiyo pima, hata kama muuzaji anakuapia. Nafasi ya skrubu ya kwanza hadi ya sita. Nafasi ya uzi wa kwanza hadi wa sita. Kina cha tofali, maana magita membamba hayalipokei tofali refu na litachungulia mgongoni. Na mkono kama unautumia, kwani meno ya skrubu yake ni ya milimita kwa magita mengi ya Asia na ya inchi kwa ya Marekani, hayaingiliani. Njia yangu ni kulaza karatasi juu ya matundu na kusugua penseli taratibu, matundu yote yanajichora. Naandika vipimo pembeni, naweka rula juu ya karatasi, napiga picha, natuma. Tangu nianze hivyo sijarudishiwa mzigo usioingia.

Gita la mzee nililiponya kwa mninga. Nilipanua matundu yote sita kuwa ya milimita 8, safi na wima. Nikachonga vijiti vya mninga vinavyoingia kwa kusukumwa kwa kidole gumba, si kwa nyundo, maana ukigonga unapasua zaidi. Gundi ya mbao ndani ya tundu na kwenye kijiti, nikaacha usiku na mchana wake. Asubuhi yake nikakata usawa kwa patasi, nikapiga msasa, nikachora alama sita na kuzitoboa kwa keekee nyembamba kuliko skrubu. Skrubu nikazipaka nta ya mshumaa. Wengi hupaka sabuni kwa sababu iko karibu, lakini sabuni inanyonya unyevu, na hapa Kigoma skrubu ya gita ina unyevu wa kutosha bila kuongezewa. Vijiti vya meno na gundi navyo vinafaa kwa tundu lililolegea kidogo. Kwa daraja linalobeba uzito wa mfuko wa saruji, mimi siviamini.

Unyevu huu wa ziwa, na jasho la mkono wa kulia, ndio wauaji wakubwa wa madaraja ninayoyapokea. Kigoda kikiganda, usikilazimishe, utakata kichwa cha skrubu. Vua daraja zima, liloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani na ukaushe. Mawese na mafuta ya kula yaache jikoni, yanaganda kuwa gundi na kukamata vumbi. Na kama uzi wako unakatikia daima mahali pamoja juu ya kigoda, pitisha ukucha pale. Utahisi ncha. Iondoe kwa msasa laini, kisha chora kwa penseli, risasi yake inautelezesha uzi.

Jambo la mwisho ni hatari, nalisema kwa uzito wote. Kutoka kwenye daraja kuna waya mwembamba unaoingia ndani, wa athi. Ndio unaofanya mvumo upungue ukigusa nyuzi. Mvumo ukipungua ukigusa, waya uko sawa. Usipobadilika kabisa, waya umeachia, na unarudishwa kwa tone la risasi ya kuchomea. Lakini kama unapigwa na umeme midomo ikigusa maiki huku umeshika nyuzi, zima kila kitu. Wapo wanaokata ule waya wa daraja ili wasipigwe. Bodi ya chuma ya ampu, yaani amplifaya, bado ina umeme, na jeki ya kebo bado ni chuma mkononi mwako. Itafutwe athi ya jengo au ya jenereta, na fundi umeme aione ampu.

Kijana hakuniuzia gita. Alirudi mwezi wa pili, mvua zimekolea, akasema linaanza kugombana tena huko juu. Tulipima, uzi wa tatu umepanda senti 4. Nilimpa bisibisi. Akalegeza uzi, akahesabu mizunguko kwa sauti, "moja, mbili, tatu," akatega, akakandamiza freti ya 12 na kuinamisha sikio bila kuitazama simu.